Ni kweli, kapteni wa Uskoti mwaka 1881 alikuwa mtu mweusi

Swali nililoletewa ni hili, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Kuna picha ya kizamani inazunguka kwenye magrupu, wazungu wamejipanga kama timu na nyuma katikati amesimama mtu mweusi, chini wameandika eti ni kapteni wa Uskoti aliyewafunga England magoli sita mwaka 1881. Mimi ninavyojua mweusi wa kwanza kwenye mpira wa Uingereza ni Arthur Wharton. Hii ni kweli au watu wamechezea picha? Na kama ni kweli, alikubalikaje enzi zile? Na mbona hatujawahi kumsikia?"

Marahaba mdogo wangu. Picha haijachezewa. Huyo jamaa anaitwa Andrew Watson, na ni kweli alivaa ukapteni wa Uskoti tarehe 12 Machi 1881 pale Kennington Oval, London, na ni kweli England walikula sita wakiwa kwao, 6-1. Halafu sikia hii, mpaka leo hii hicho ndo kipigo kikubwa kuliko vyote England walivyowahi kupata nyumbani. Wahungari walikuja Wembley 1953 wakawapiga 6-3 dunia nzima ikazizima, Wahungari haohao wakarudi 2022 wakawatandika nne bila, lakini tofauti ya magoli matano kwenye ardhi ya England hakuna aliyeirudia. Watson na wenzake bado wanaishikilia rekodi, na wote wameshazikwa zamani.

Kuhusu Wharton usijisikie vibaya, mimi mwenyewe nilishabishana kijiweni nikitetea hicho hicho unachosema, nikaliwa soda mbili. Wharton ni mtu mkubwa kweli: kazaliwa Accra 1865, kawa golikipa wa Preston, na Julai 1886 alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10 kamili, yaani kwenye riadha tu angetosha kuandikwa. Kwa miaka mingi vitabu vilimtaja yeye kama wa kwanza. Ila siku Watson anawaongoza Waskoti kuingia uwanjani pale Oval, Wharton alikuwa bado kijana wa miaka 15. Ukisema "mchezaji mweusi wa kwanza wa kulipwa" hapo Wharton ana hoja yake nzito, na wanahistoria bado wanavutana. Ukisema "mweusi wa kwanza timu ya taifa" mjadala umefungwa, ni Watson.

Sasa twende kwenye swali lako la pili maana ndo lenye nyama, alikubalikaje. Jibu langu fupi ni pesa. Jibu refu linaanzia mbali kidogo na Glasgow.

Watson alizaliwa Mei 1856 huko Demerara, kwenye koloni lililoitwa British Guiana, leo ndo Guyana, Amerika ya Kusini. Kama umewahi kuona sukari ya kahawia imeandikwa "Demerara" kwenye pakiti, ni hapohapo. Baba yake, Peter Miller Watson, alikuwa Mskoti tajiri wa mambo ya miwa na sukari, na mama yake alikuwa mwanamke mweusi wa palepale aitwaye Hannah Rose. Utumwa kwenye makoloni ya Waingereza ulikuwa umeshakoma kabisa 1838, kwahiyo Andrew kazaliwa miaka 18 baadaye, lakini utajiri wa familia za kina Watson kule ulikuwa na mizizi mirefu kwenye yale mashamba ambayo watu weusi walilimishwa kwa mjeledi. Usiiruke hiyo sehemu ukiwa unasimulia stori yake, maana ndo nauli iliyomfikisha Uingereza.

Watoto waliozaliwa na mabwana wa mashamba na wanawake wa kule walikuwa wengi mno, na wengi waliachwa hukohuko na mama zao, baba hata jina hawapi. Peter Miller Watson alifanya tofauti, aliwachukua watoto wake wawili, Andrew na dada yake mkubwa Annetta, akahamia nao Uingereza. Mama yao alibaki Guyana. Andrew akapelekwa shule ya Heath Grammar kule Halifax, Yorkshire, shule ya watoto wa wenye nazo. Mzee akafariki 1869, dogo ana miaka 13 hivi, lakini alikuwa ameshaandika wosia na watoto hao wawili wakaachiwa urithi wa maana. Hapo ndo maisha yake yalipoamuliwa. Kijana yatima, mweusi, katikati ya nchi ya wazungu, lakini ana pesa yake benki, hamtegemei mtu.

Kutoka Halifax akaenda King's College School ya London, na huko akawa mtu wa michezo kwelikweli, riadha na mpira, mwili aliokuwa nao ulimruhusu. Mwaka 1875 akiwa na miaka 19 akajiandikisha Chuo Kikuu cha Glasgow kusoma hesabu, fizikia na uinjinia. Alikaa kama mwaka hivi akaacha. Unaweza ukadhani alifukuzwa au alifeli, hapana, jamaa alikuwa amepata mambo mengine, aliingia ubia kwenye biashara ya ghala la jumla pale Glasgow, Novemba 1877 akamuoa Jessie Nimmo Armour, binti wa Kiskoti, wakapata watoto wawili. Na alikuwa ameshapata ugonjwa wa mpira.

Hapo nisimame kidogo nikueleze Glasgow ya wakati ule ilikuwaje kwa mpira, bila hivyo hutaelewa kwa nini hizo sita zilipigwa.

Mpira wa miguu ulivyoanza Uingereza ulikuwa mchezo wa chenga. Mtu anachukua gozi, anainamisha kichwa, anakimbia nalo moja kwa moja mpaka apokonywe, wenzake wanamfuata nyuma kama kundi la nyuki kusubiri lidondoke. Kutoa pasi kulionekana kama uoga hivi. Wakati mechi ya kwanza kabisa ya kimataifa inachezwa, Novemba 30, 1872 pale Partick kwenye uwanja wa kriketi wa West of Scotland, England waliingia na mafowadi wanane au saba hivi, hesabu inategemea unamsoma nani, na nyuma hawana watu. Waskoti walitoka wote klabu moja, Queen's Park, wakapanga mabeki wawili, viungo wawili, mafowadi sita. Ikaisha 0-0. Lakini Waingereza walikuwa wakubwa kwa maumbo na Waskoti wadogo, na wakaona mtu mdogo hawezi kupita katikati ya ukuta wa nyama kwa mabavu, dawa ni kuusukuma mpira kwa mwenzako aliye peke yake. Kutoka hapo wakajenga mpira wa pasi. Huu tunaocheza leo dunia nzima, wa kupokezana, chimbuko lake kubwa ni vijana wa Queen's Park na majirani zao. Na England walilipia ada ya kujifunza, 1878 walikula saba kwa mbili Glasgow.

Sheria za wakati ule nazo zilikuwa vituko. Penalti hamna, imekuja 1891. Nyavu hamna, refa na waamuzi wanabishana na wachezaji kama mpira umepita ndani au nje. Mtambaa panya nao sehemu nyingine ulikuwa kamba tu au utepe umefungwa juu ya milingoti miwili, mpaka 1882 ndo mti ukawa lazima. Kuotea ilikuwa lazima uwe na wapinzani watatu mbele yako, sio wawili kama sasa. Kwahiyo beki wa wakati ule sio kama beki unayemjua. Nyuma mko wawili tu na golikipa, mbele yenu wanakuja sita au saba, hakuna wa kukusaidia kufunika. Ukikosea hatua moja kwisha habari. Beki alitakiwa awe na mbio za kumfukuza mtu, nguvu za kumkabili bega kwa bega, na shuti la kuondosha mpira mbali, maana gozi lenyewe lilikuwa la ngozi linanyonya maji, ukipigwa mvua ya Glasgow linakuwa zito kama furushi la nguo mbichi.

Watson alikuwa navyo vyote vitatu. Kijitabu cha mwaka cha chama cha soka cha Uskoti cha msimu wa 1880-81 kilimtaja kama mmoja wa mabeki bora kabisa waliopo, chenye kumsifu kwa kasi, kwa kukaba, kwa teke lenye nguvu na lisilokosea, na kikamalizia kwa kusema anastahili nafasi kwenye timu yoyote ya uwakilishi. Tena hakikutaja rangi yake hata mara moja.

Alianzia timu ndogo ya Maxwell, akahamia Parkgrove upande wa Govan, na Parkgrove hakuwa mchezaji peke yake, alikuwa pia katibu wa mechi, yaani ndo anaandika barua kutafuta wapinzani, anapanga tarehe, anahakikisha uwanja upo. Kwa hesabu hiyo anatambulika kama kiongozi wa kwanza mweusi kwenye klabu ya soka. Mwaka 1880 Queen's Park wakamchukua. Hao ndo walikuwa wakubwa wa nchi, na sio nchi tu, wakati ule ukisema Queen's Park unasema klabu bora duniani bila kubishana. Uwanja wao uliitwa Hampden, ule wa kwanza, maana Hampden zimekuwa tatu. Akiwa nao akabeba Kombe la Uskoti 1881 na 1882, baadaye tena 1886. Novemba 1881 wakampa ukatibu wa klabu. Tafakari hiyo, klabu kubwa kuliko zote, klabu ya mabwana wa Glasgow wenye ofisi na maduka, katibu wao mtu mweusi kutoka Demerara, na mwaka ni 1881, ule mkutano wa Berlin wa kugawana Afrika bado miaka mitatu.

Sasa Oval. Siku ilikuwa Jumamosi. Ni mechi yake ya kwanza timu ya taifa na hapohapo kapewa ukapteni. Watu huwa wanauliza iwezekanaje, mtu debyu na kitambaa siku moja, ila wakati ule ukapteni ulikuwa ni jambo la heshima na busara ndani ya kikundi cha watu wanaojuana, na jamaa alikuwa mtu wa Queen's Park, msomi, anaongea vizuri, na London anaijua kwa sababu kasomea pale. Waskoti wakaingia na staili yao ya pasi. John Smith, naye wa Queen's Park na baadaye daktari, akafunga matatu. George Ker akafunga mawili. England wakaambulia moja la kufutia machozi. Nyuma kule Watson kazi yake ilikuwa kuvunja mashambulizi na kuwaanzishia wenzake.

Jumatatu yake, tarehe 14, siku mbili tu baada ya London, wako Wrexham wanacheza na Wales, Watson kapteni tena, wakashinda 5-1. Hakuna ndege hapo, ni treni na mabegi. Mwaka uliofuata, Machi 11, 1882, England wakaja Glasgow pale Hampden ya kwanza wakapigwa mkono, 5-1 nyingine, safari hii ukapteni alikuwa nao Charles Campbell na Watson alikuwa beki.

Mechi tatu, ushindi mara tatu, magoli 16 ya kufunga na matatu ya kufungwa. Kisha hakuitwa tena maisha yake yote. Hapa kuna watu wanaojaza maneno yao wanasema alibaguliwa akatolewa timu ya taifa, na ninaelewa kwa nini mtu anafikiria hivyo, lakini sababu ni ya kiofisi tu: mwaka huo wa 1882 alihamia London kikazi, na Uskoti walikuwa na msimamo kwamba mchezaji anayecheza nje ya Uskoti haitwi. Sheria hiyo waliilegeza 1896. Wazungu wenzake wengi waliovuka mpaka kwenda kucheza England yaliwakuta hayohayo.

London haikuanza vizuri. Jessie, mkewe, alifariki muda mfupi baada ya kuhamia, na watoto wakarudishwa Glasgow kulelewa na babu na bibi yao mzaa mama. Jamaa akabaki na kazi na mpira. Akacheza Swifts, na akiwa nao akacheza Kombe la FA msimu wa 1882-83, anahesabiwa mweusi wa kwanza kulicheza.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye stori hii. England walichoka kupigwa. Kuna bwana mmoja wa chama chao cha soka, N. Lane Jackson, watu wakimuita "Pa" Jackson, akasema shida yetu ni kwamba hawa Waskoti wanacheza pamoja kila wiki klabu moja na sisi tunakutana siku ya mechi, hivyo tukusanye mabwana wetu wazuri kwenye klabu moja wazoeane. Ndo ikazaliwa Corinthian 1882. Yaani klabu iliyoanzishwa kwa sababu ya vipigo vile, na Watson alikuwa mmoja wa waliovitoa. Sasa miaka miwili baadaye Corinthian wanatafuta beki, wanamualika nani? Andrew Watson. Akaenda. Na akiwa kwenye kikosi hicho Desemba 1884 wakawafumua Blackburn Rovers 8-1, Blackburn waliokuwa ndo wanashikilia Kombe la FA, ambalo walilibeba kwa kuwafunga Queen's Park fainali. Mtu akikwambia mpira wa zamani ulikuwa hauna drama usimsikilize.

Alirudi Glasgow kwa muda, ndo lile kombe la 1886, kisha akaoa tena 1887, mke wa pili Eliza Kate Tyler, wakapata watoto wengine wawili, na akaishia upande wa Liverpool kucheza Bootle. Bootle wakati huo walikuwa wapinzani wakubwa wa Everton, sio timu ya mchangani, na walikuwa wakilipa wachezaji. England malipo yalihalalishwa 1885, Uskoti walisubiri mpaka 1893. Hapo ndo ule ubishi nilioutaja mwanzo unatokea: kama Watson alipokea hata shilingi Bootle, basi huenda ni yeye wa kwanza kulipwa na sio Wharton. Mimi upande wangu ninamwachia Wharton hiyo heshima, maana Watson kila alikopita alijichukulia kama mtu wa ridhaa, mpira kwake haukuwa kazi. Kazi aliikuta kwenye meli.

Ndio, meli. Ule uinjinia alioanza kuusoma Glasgow akauacha ulikuja kumlisha baadaye. Akasomea vyeti vya injinia wa meli, akaishi miaka mingi ya utu uzima wake baharini, chini kule kwenye mitambo ya mvuke, joto na makaa, mtu aliyewahi kuwa kapteni wa nchi. Ule urithi wa baba haukudumu milele. Alipostaafu akarudi London na familia, maeneo ya Kew, na tarehe 8 Machi 1921 akafariki kwa nimonia, ana miaka 64. Kazikwa makaburi ya Richmond.

Na hapa nijibu swali lako la tatu, mbona hatujamsikia.

Kwanza, magazeti. Ukisoma ripoti za mechi za 1881 na 1882 utakuta "A. Watson" kwenye orodha, utakuta Watson kaondosha mpira, Watson kamzuia fulani, basi. Inasemekana kuna waandishi walioona ajabu kwamba kavaa viatu vya rangi ya kahawia wakati wenzake wote wana vyeusi, na rangi yake mwenyewe wasiitaje. Sasa jina Andrew Watson kwa Mskoti ni kama Juma Hamisi kwetu, halikwambii chochote. Miaka mia ikapita watu wanaandika historia kwa kusoma makaratasi, wanaliona jina wanapita. Mpaka watu wa makumbusho na watafiti walipoanza kuangalia picha za timu badala ya orodha, ndo wakashtuka, kumbe huyu. Ukiikuza hiyo picha uliyonitumia kwenye simu utaona, kasimama nyuma katikati, mrefu, kifua mbele, sharubu zake, hana wasiwasi wowote, sio mtu aliyesogezwa pembeni ili apigwe picha kwa hisani. Wenzake wamemuegemea kawaida tu.

Pili, alipotea. Kwa miaka mingi hata waliomjua waliandika kwamba alihamia Australia akafia Sydney, na hiyo habari ikanakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu, tovuti hadi tovuti, nadhani hata wewe ukitafuta leo utaikutana nayo sehemu. Ilikuwa ni makosa. Mwanahistoria Mskoti, Andy Mitchell, alikaa na vyeti vya vizazi na vifo na orodha za sensa akamfuata hatua kwa hatua mpaka Kew. Kaburi lilikuwa lipo siku zote, London hapohapo, kilomita chache kutoka Oval, jiwe lake limechakaa limefunikwa na majani. Miaka ya karibuni watu wakachangishana likafanyiwa ukarabati, sasa linasomeka. Wharton naye ni hivyohivyo, alikufa 1930 akazikwa kaburi lisilo na jina kule Yorkshire, jiwe limewekwa 1997.

Tatu, na hapa ni maoni yangu, Watson hakuacha mfuatano. Angekuwa na weusi wengine watano waliomfuata kila muongo, mtu angeuliza "nani alianza?" na jina lingeibuka. Lakini baada yake kukawa kimya. England mweusi wao wa kwanza timu ya wakubwa ni Viv Anderson, Novemba 1978, miaka 97 baada ya Oval. Kapteni wao wa kwanza mweusi ni Paul Ince 1993. Na Uskoti wenyewe, nchi iliyokuwa na kapteni mweusi kabla ya mtu yeyote, walikaa mpaka 2004 ndo Nigel Quashie akavaa jezi. Sasa hapo niambie, hiyo inakwenda mbele au inarudi nyuma? Watu wanapenda kuisimulia stori ya Watson kama mlango uliofunguliwa. Mimi ninaiona kama mlango aliopita mtu mmoja mwenye ufunguo wake, ukafunga nyuma yake.

Ndo maana nilianza na pesa. Soka la ridhaa la miaka ile lilikuwa mchezo wa watu wa tabaka fulani, waliosoma shule fulani, wanaoweza kujilipia nauli ya treni kwenda London kucheza na kurudi bila kudai chochote. Klabu kama Queen's Park, na Corinthian hasa, zilikuwa zinakuangalia kwanza wewe ni bwana au sio bwana. Kijana mzungu mtoto wa mchimba makaa, mguu wake uwe wa dhahabu, Corinthian hapiti getini. Watson alipita kwa sababu ana elimu yao, lafudhi yao, mfuko kama wao. Lakini usinielewe vibaya, pesa ilimfikisha mlangoni tu. Matajiri wanaopenda mpira Glasgow walikuwa wengi, ukapteni hawakupewa. Kule ndani alibaki kwa miguu yake. Queen's Park wao, kwa taarifa yako, waliendelea na msimamo wa ridhaa mpaka Novemba 2019 wanachama walipopiga kura kuuacha, miaka 152 tangu klabu ianzishwe.

Na kama siku moja utafika Glasgow, pale ulipokuwa uwanja wa Hampden ya kwanza sasa hivi kuna klabu ya wazee wanaocheza mchezo wa kuviringisha matufe kwenye nyasi, na ukutani kwao wamechora ile mechi ya 1882, ile ya mkono, Watson yumo. Mchezo wa wastaafu kwenye nyasi zilezile ambazo England walikula tano.

Kuhusu hayo maandishi chini ya picha, mwambie aliyeituma kwenye grupu arekebishe mawili. Watson hakuwafunga England magoli sita, alikuwa beki, hakufunga hata moja, mwenye matatu siku ile ni Smith. Na nimeona kuna toleo jingine linasema alizaliwa Jamaica, sio Jamaica, ni Guyana, Demerara, kule kwenye sukari.